Nyekundu ya Zamu ya Wajane

Siku baba mdogo aliponiambia kwamba zamu ya maji ya mama yangu itapewa vijana wanaolima nyanya, nilikuwa nyumbani kwake nimeshika kikombe cha chai, na namshukuru Mungu nilikiweka mezani polepole. Ningekuwa mdogo kidogo kiumri ningekirusha ukutani.

"Si kwamba tunamwonea," alisema. "Maji yakifika zamu ya wajane yanapungua. Kila mtu anaona. Vijifereji vya mashambani mwao vinavuja, hawavisafishi. Na mama yako, unajua mwenyewe, ni mtu wa Kikatiti."

Kikatiti ni kule chini barabarani, kwenye joto na vumbi, na ni kweli mama alizaliwa huko. Aliolewa huku juu, upande wa Nkoaranga, akiwa msichana. Amezaa huku, amezika mume huku, migomba yote iliyozunguka nyumba ameipanda kwa mikono yake. Lakini likitokea jambo la maji, eti bado ni mtu wa tambarare asiyejua maji! Nilimtazama baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, mtu aliyekuwa akiniletea pipi nikiwa mtoto. Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote amewahi kuyapima hayo maji yanayopungua.

Akacheka. "Maji hayapimwi, mwanangu. Yanaonekana."

"Basi mimi nitayapima, baba mdogo. Halafu tutaona wote."

"Pima," akasema, na akaniongezea chai.

Niseme wazi kilichokuwa hatarini, maana wengine wanaweza kudhani tuligombania ndoo mbili tatu. Mfereji wetu unatoka mtoni juu kwenye msitu, unashuka shamba kwa shamba, na kila nyumba ina siku yake ya kuufungulia. Kiangazi kikishika, mwenye zamu ana kahawa inayoshika maua, ana ndizi, ana mchicha wa kuuza. Asiye na zamu anakodolea macho mawingu. Mama ana nusu siku tu kila mzunguko, na nusu siku hiyo ndiyo iliyotusomesha sisi mabinti wake. Nilipomweleza maneno ya baba mdogo, hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga yake akasema, "Wakinichukulia zamu, mimi hapa ni mgeni. Mgeni hana siku yake. Anagawiwa tu." Nililia mimi.

Na kuna jambo jingine la kwetu. Pale mfereji unapotoka mtoni panaitwa banio, na mwanamke hapandi banioni. Ndivyo tulivyokuta. Akipanda, wanasema, maji yatakauka. Siku ya zamu anayepanda ni baba wa nyumba au mtoto wa kiume. Anakaa pale na jembe lake mchana kutwa, anaziba penye kuvuja, anaangalia mtu asiyachepushe maji kabla hayajashuka. Mama yangu alijaliwa mabinti watupu. Wajane wenzake wawili wa mfereji uleule, mmoja hakuzaa, na mwingine wanawe wako mbali huko wanakojua wenyewe. Kwa hiyo siku zao banioni hakai mtu. Hilo nililijua tangu utoto kama ninavyojua njia ya kwenda kanisani, na labda ndiyo maana sikuwahi kulifikiria.

Kazi yangu iko mjini Arusha, kwenye ofisi ndogo upande wa Kisongo, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ndogo za watalii zikiruka inabidi tunyamaze kidogo kisha tuendelee na mazungumzo. Tunatengeneza vifaa vya kupimia maji kwa ajili ya mashamba makubwa, na mimi ndiye mchoraji wa grafu. Vifaa vinaleta namba, mimi naandika programu, programu inazigeuza kuwa mistari ambayo mtu asiyependa namba anaweza kuielewa. Nilimwomba bosi wangu kifaa kimoja cha zamani kilichopasuka kifuniko. Ni kijana, mdogo kwangu, ananiita dada. Alinipa bila maneno mengi.

Nilikifunga pale mfereji unapogawanyika mara ya kwanza, chini kidogo ya banio, ambapo wanawake tunaruhusiwa kwa sababu ndipo tunapochota maji. Hapo maji hayajafika bado kwenye shamba la mjane yeyote. Baba mdogo mwenyewe alikuja kutazama, akakigonga kifaa kwa kidole, akasema hiki nacho kinakula nini. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke, nikarudi mjini.

Kifaa kilipima kina cha maji kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, tangu masika yalipokatika mpaka kiangazi kikawa kimekolea. Nilipozimwaga namba zote kwenye kompyuta, nikachora mstari mmoja wa bluu. Ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Baba mdogo alisema kweli: maji yalikuwa yanapungua. Lakini mstari wa bluu ulikuwa hausemi yanapungua kwa nani.

Bosi alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. "Si umeshapata? Toa wastani wa kila wiki, wape, mambo yaishe."

"Wastani utamzika mama yangu mzima mzima," nikamwambia.

"Dada, watu wa kijijini hawahitaji urembo."

Urembo! Nilisonya, na sikujali kama alinisikia. Wastani unachukua siku ya mwenye kulindiwa na siku ya asiye na mlinzi, unazikoroga pamoja kama uji, halafu unakwambia kila mtu amepata kiasi. Mimi nilitaka mstari mmoja uleule, usiokatika, lakini unaobadilika rangi kila maji yanapohamia kwa mwenye zamu mwingine. Bluu kwa nyumba zenye mwanamume wa kupanda banioni, nyekundu kwa zamu za wajane. Mpangilio wa zamu niliupata kwa simu. Mama aliutaja wote kwa kichwa, nyumba kwa nyumba, huku anamenya ndizi. Nilisikia kisu.

Kusema ni rahisi. Maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa maelekezo tayari ninaoutumia kuchorea, imezoea mstari mmoja, rangi moja. Ukitaka rangi nyingi juu ya mstari mmoja inakutazama kama umeomba chumvi kwenye chai. Kwanza nilifanya kama mtu yeyote asiyejua angefanya: nikachukua nukta mbili, nikachora kijistari kati yake, nikakipa rangi, nikaenda kwenye mbili zinazofuata, na kuendelea hivyohivyo mpaka mwisho. Vijistari vilikuwa maelfu. Kompyuta ikaanza kuvuma, ikapata moto mpaka nikaiondoa mapajani, picha ikagoma kutokea. Nilikwenda kula chipsi mayai, nikarudi, nikakuta bado inahangaika.

Nikajaribu njia ya mkato. Nikachora mistari miwili tu, mmoja wa nyekundu zote, mwingine wa bluu zote. Hiyo ilitoka haraka, na ilikuwa uongo mtupu. Mwisho wa zamu moja ya wajane ulikuwa umeungwa moja kwa moja na mwanzo wa zamu yao nyingine, mstari umenyooka juu ya siku za watu wengine, picha nzima imekaa kama kamba za kuanikia nguo. Ningepeleka ile mkutanoni wangenizomea, na ningestahili.

"Umeona sasa?" bosi akasema. "Rangi moja. Kubali yaishe."

"Thubutu!"

Nilikaa nayo siku kadhaa, nikisoma maelezo ya ile maktaba na maswali ya watu wengine waliokwama kama mimi, mpaka nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa naipelekea kompyuta kidole kimoja kimoja cha ndizi wakati naweza kuipelekea mkungu. Kumbe inawezekana kuvikusanya vile vijistari vyote mahali pamoja, kila kimoja kikianzia pale mwenzake alipoishia ili mstari usikatike, kisha pembeni unaandaa rangi zao kwa mpangilio uleule, na unaikabidhi maktaba vyote kwa mkupuo. Inachora mara moja. Haihangaiki, haivumi.

Nikaandika hivyo, nikabonyeza. Karatasi nyeupe. Hakuna kitu! Nilitamani kuitupa kompyuta nje ya dirisha. Halafu nikakumbuka kwamba ukileta vijistari kwa mkupuo namna ile, unapaswa pia kuiambia maktaba picha inaanzia wapi na kuishia wapi, la sivyo inakuchorea vizuri kabisa mahali usipopaona. Nikaongeza mstari mmoja wa maelekezo. Nikabonyeza tena, na kabla sijaondoa kidole picha ilikuwa imeshatokea.

Nyekundu yote ilikuwa chini. Yote. Bluu inakwenda juu, imetulia, inafika mwisho wa zamu, rangi inabadilika, na papo hapo mstari unaporomoka. Unakaa chini ukiwa mwekundu. Zamu ya mjane ikiisha tu, bluu inapanda tena juu kana kwamba hakikutokea kitu. Mzunguko wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, kiangazi kizima. Na hapo ni kwenye mgawanyo wa kwanza, kabla maji hayajagusa kijifereji cha mjane yeyote. Vinavuja vipi wakati maji hayajafika?

Maji yalikuwa yanapotelea juu, kati ya banio na mgawanyo. Huko kuna mashamba ya karoti na viazi ya watu wazima na akili zao, watu ninaowapa shikamoo. Siku ambayo banioni amekaa mwanamume na jembe, hawagusi. Siku ambayo hakuna mtu, wanachepusha. Na hakuna mtu kwa sababu mwenye zamu amekatazwa kupanda. Wamemfungia mlango, wameingia ndani, wameiba, kisha wakamwita mezani wakamwambia hajui kutunza vitu vyake! Nilipiga meza, kalamu zikaruka.

Bosi akaja kuangalia nini kimevunjika. Alitazama picha. "Nyekundu imekaa chini yote," akasema. Nikamwambia ndiyo, ndio urembo wenyewe huo. Akaondoka, baadaye akanitumia ujumbe kwamba nikihitaji ruhusa ya Jumatatu nichukue.

Steshenari mjini nako kukawa na yake. Nilitaka ichapwe kubwa, bango, kama yale ya kwenye sherehe za send-off yenye picha ya bibi harusi. Kijana wa mashine akaitazama, akaniambia mstari tu hauna haja ya rangi, nyeusi tupu itatosha na itatoka haraka. Nikamwambia kaka, wewe ni mtu wa pili kuniambia hivyo, na mimi nimechoka, chapa nyekundu kama nyekundu. Akachapa. Ilipotoka nilimshukuru vizuri, maana yeye hakuwa na kosa.

Mkutano wa mfereji hufanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa usharika. Niliingia na bango langu mkononi, nikalibandika ukutani kwa gundi ya karatasi kabla mtu hajaniuliza. Kijana mmoja wa wale wa nyanya akapaza sauti, "Dada, mbona wengine umewapa jezi ya wekundu?" Ukumbi ukaangua kicheko, mashabiki wa timu pinzani ya mpira wakaanza kelele zao. Hata mimi nilicheka. Baba mdogo akagonga meza.

"Tumeona," akasema. "Nyekundu ni nani?"

"Wajane, baba mdogo."

Akawageukia watu, amefungua mikono. "Mmesikia? Mwenyewe amesema. Mwalimu akiweka nyekundu kwenye daftari maana yake nini? Kosa. Na imeshuka. Nilisema nini mimi?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wengine wameshaanza kutafuta kofia zao. Yaani kazi yangu yote, na yule mtu anataka kuitumia kumchinja mama yangu mbele ya watu! Nilisimama mbele ya lile bango, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Mwalimu anaweka nyekundu mahali penye kosa, ndiyo. Sasa tuulizane kosa liko wapi. Hiki kifaa kiko mgawanyo wa kwanza, baba mdogo ulikigonga kwa kidole chako. Mama yangu analima chini ya hapo au juu ya hapo?"

Baba mdogo akaanza kupanga karatasi zake.

"Nauliza. Chini au juu?"

"Chini," akasema mtu nyuma.

"Basi maji yanapungua kabla hajayaona. Shamba lake linavujishaje maji ambayo hayajafika?"

Mzee mmoja mwenye shamba la karoti huko juu akasafisha koo. Akasema hivi vifaa vya siku hizi vinaweza kudanganya.

"Kinadanganya siku za wajane tu, mzee? Siku zenu wanaume kinasema kweli?"

Mtu akaguna kwa kicheko, akajizuia. Nikapitisha kidole kwenye mstari, taratibu, bluu, nyekundu, bluu, nyekundu. Wanawake waliokuwa wamekaa nyuma walisogea mbele kutazama. Mmoja wao, mjane wa nyumba ya kona, aliweka kiganja chake juu ya sehemu nyekundu akakiacha pale. Sikumtaja mwizi. Sikuhitaji kumtaja, kila aliyekuwa ndani ya ukumbi ule alikuwa anamwangalia jirani yake au anaangalia viatu.

Baba mdogo si mjinga. Aliona upepo umegeuka, akageuka nao. "Vizuri," akasema. "Zamu za wajane hazitachukuliwa. Kamati itawatafutia wanaume wa kuwalindia banioni. Na hao wanaume, kwa kuwa nao ni watu, watagawana na mjane maji ya siku hiyo. Nusu kwa nusu. Hapo kuna ubaya?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nilimwona hata mke wa mzee mmoja akishusha pumzi. Nami, ninaona aibu kusema, kwa nukta moja nilidhani tumeshinda. Nusu ni zaidi ya pale mstari ulipokuwa.

Ndipo mama akasimama.

Mama yangu hazungumzi mikutanoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kichwani, na alishika mgongo wa benchi la mbele yake. "Shemeji," akasema, "nusu ya zamu yangu nimpe mtu wa kunilinda nisiibiwe na ninyi?"

"Si sisi, shemeji..."

"Nitapanda mwenyewe."

Ulizuka mtafaruku, kila mtu anasema lake. Mzee wa karoti alikuwa amesimama kabisa. Mwanamke banioni! Maji yatakauka, mfereji wote utakauka, watoto wetu watakunywa nini? Mama alingoja. Anajua kungoja, amengoja maji ya watu wengine maisha yake yote. Walipochoka akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Mnasema nikipanda yatakauka. Sijawahi kupanda, hata siku moja, na tazameni pale. Yamekauka. Sasa mnanitisha na nini tena?"

Baba mdogo alitangaza kwamba mkutano umeahirishwa, na hakusema mpaka lini. Kura haikupigwa. Ruhusa haikutolewa. Tulitoka nje tukapeana mikono kama kawaida ya baada ya ibada, wengine walitupa mkono, wengine walituruka.

Zamu ya mama ilipofika nilikuwa nimeshachukua ruhusa. Tulipanda asubuhi, mama, wale wajane wenzake wawili, na mimi nyuma na jembe begani. Njia ya juu ni mwinuko mkali, ina utelezi wa majani, na mama alisimama mara nyingi kupumua. Watu walitoka kwenye migomba kututazama. Wengine walitusalimu. Mmoja alitema mate pembeni, na mjane wa nyumba ya kona akamwambia ateme tena, amekosea. Tulipopita mgawanyo wa kwanza, pale ambapo miguu ya mwanamke hukomea, mama hakupunguza mwendo, na mimi ndiye niliyejikuta nimesimama. Msichana wa mjini, mwenye kompyuta na domo lote lile, nimesimama kama nimefungwa kamba. "Njoo na jembe," mama akasema bila kugeuka, na nikaenda.

Juu kidogo ya hapo tulimkuta mzee wa karoti. Alikuwa na jembe lake, na ukingo wa tope ulikuwa umeshafunguliwa upande wa shamba lake. Alituona wanne. Mama alimwamkia kwa heshima zote, akamwulizia hali ya nyumbani kwake, akasimama pale pale kando ya lile tundu. Mzee hakupata pa kuangalia. Aliinama, akaziba mwenyewe alipokuwa amefungua, akashindilia kwa mguu, akaondoka.

Tukafika mwisho wa njia. Mto ulikuwa unapita kwenye miti, na kando yake kulikuwa na mawe yamepangwa, yamefungwa kwa shina la mgomba na tope, na upande mmoja uwazi ambao mtu angeweza kuuziba kwa mwili wake. Maji yalikuwa yanaingia hapo. Basi. Mama alisimama anatazama. Akatazama upande wa kulia, akatazama kushoto, akazunguka nyuma ya mti mmoja mkubwa, akarudi.

"Ni hapa?" akaniuliza.

"Nadhani ni hapa, mama."

Aliinama akagusa jiwe moja kwa vidole. Alikuwa ameishi chini ya mahali pale tangu usichana wake, alipakwepa akiwa na mimba, alipakwepa akiwa mjane, alilaza watoto na kiu kwa ajili ya mahali pale.

"Kumbe ni mawe tu," akasema.

Alikaa juu ya mojawapo, akavua viatu, akaingiza miguu kwenye maji yake.